Naomba ushauri: Corolla 110 inavuja oili, mafundi hawaelewani

Wadau, hamjambo. Nina Toyota Corolla 110 ya zamani, injini 5A, gia otomatiki. Kila asubuhi nakuta tone la oili chini, pale injini inapoungana na gia boksi. Ni nyeusi, haina ule wekundu wa mafuta ya gia, kwa hivyo ni ya injini.

Fundi mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, anasema ni sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), lazima gia boksi ishushwe. Gharama yake, mwenye gari la zamani anaijua. Mwenzake wa gereji ya jirani anasema ni gasketi ya tapeti kava tu, yaani ya kile kifuniko cha juu ya injini. Mimi nashuku oringi (pete ya mpira) ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Nilipitisha kidole chini yake kikatoka na tope jeusi la oili na vumbi, na juu yake kumekauka kabisa, kwa hivyo sioni kama inatoka kwenye tapeti kava. Oili ikitoka hapo huteremka ubavuni mwa gia boksi na kudondoka palepale panapolaumiwa sili. Oringi yenyewe ni bei ya chai.

Nataka kuosha injini, nipake poda ya mtoto sehemu hizo, niende Thika Road na kurudi, kisha niangalie ilipolowa. Poda inatosha, au ninunue ile rangi ya kutia kwenye oili, inayoonekana kwa taa ya UV? Na valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke na presha ndani ya injini, nianze nayo? Ikiziba, presha husukuma oili kwenye sili yoyote iliyochoka.

Tafadhali msiniambie niweke oili nzito.