Mjadala: Amana ya mpangaji ikae kwa nani?

Mwanzisha mada

Wakuu, naleta jambo linalotugusa sisi tunaopangisha nyumba moja, mbili au vyumba vichache. Amana anayotoa mpangaji anapoingia, hiyo dipoziti, iendelee kukaa kwa mwenye nyumba, au sheria iagize iwekwe kwa mtu wa tatu mpaka siku funguo zinaporudi?

Msimamo wangu ni kwamba itoke mikononi mwetu, na nasema hivyo nikiwa mwenye nyumba.

Kampuni kubwa ina mhasibu na akaunti tofauti. Kwetu sisi wadogo amana ikiingia inachanganyika na kodi, na kodi inachanganyika na matumizi ya nyumbani. Bomba likipasuka, fundi analipwa humo humo. Mpangaji anapoaga baada ya miaka miwili, fedha yake haipo, na hapo ndipo mtu anapoanza kukagua kuta akitafuta doa la kumkatia. Wengi wanaofanya hivyo si wezi, ni watu waliobanwa. Wanabaki wakingoja mpangaji mpya alete amana ili wamlipe anayehama. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Tazameni Korea Kusini, ambako mfumo huu umefikishwa mbali kuliko kwingine. Kuna upangaji uitwao jeonse: mpangaji halipi kodi ya kila mwezi, bali anaweka amana kubwa mno, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, na anarudishiwa yote mkataba unapokwisha, kwa kawaida baada ya miaka miwili. Wenye nyumba waliizungusha fedha hiyo, wengine wakanunulia nyumba nyingine. Riba zilipopanda na bei za nyumba kushuka mwaka 2022, wengi wakashindwa kurudisha. Ulaghai mwingi nao ukafichuka, hata bunge likapitisha sheria maalumu ya kuwasaidia waathirika mwaka 2023. Amana zetu ni ndogo, lakini mwendo ni ule ule: unatumia leo fedha ambayo kesho utadaiwa.

Mwenye nyumba tatu

Mkuu, napinga. Amana ndiyo kinga pekee niliyo nayo. Mpangaji anaweza kuhama usiku na kuniachia bili ya maji, kitasa kilichovunjwa na simu isiyopatikana. Kumfungulia kesi kwa deni linalolingana na kodi ya mwezi mmoja kunaweza kugharimu kuliko deni lenyewe. Halafu kuna ule mchezo wa mwezi wa mwisho: "Kata kwenye dipoziti." Ukikubali, siku ya makabidhiano huna cha kufidia hata sinki lililopasuka.

Fedha ikiwa kwa mtu wa tatu, mpangaji anagoma tu kutia sahihi ya kuiachia, nayo inalala huko huku nyumba ikingoja matengenezo. Mwenye nyumba 300 akiwa na moja iliyo wazi hatikisiki. Mimi theluthi ya mapato ya mwezi inakuwa imekwenda. Msitupime sote kwa kipimo kimoja. Hata California, walipoweka kikomo cha amana kuwa kodi ya mwezi mmoja kuanzia Julai 2024, walimwachia mtu binafsi mwenye majengo yasiyozidi mawili na nyumba zisizozidi nne kwa jumla achukue ya miezi miwili. Waliona kwamba mdogo anaumia haraka.

Mpangaji

Naomba niseme kwa upande wetu. Kila nilipohama nimekatwa fedha ya rangi, na sijawahi kuonyeshwa risiti hata moja ya fundi. Unaambiwa tu kiasi. Ukibisha, unajibiwa nenda popote. Huo mwezi wa mwisho mnaoulalamikia, wengi wetu hatulipi kwa sababu tunajua amana hairudi.

Msimamizi wa nyumba

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu, na naona mnabishania fedha ikae wapi, wakati ugomvi mwingi unatokana na kukosa ushahidi wa nyumba ilikuwaje siku mpangaji alipoingia. Bila orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, chumba kwa chumba, pamoja na picha zenye tarehe na namba za mita, kila mtu anasema lake. Huko huko California, kwa upangaji ulioanza tangu Julai 2025, mwenye nyumba lazima apige picha mpangaji anapoingia, na tena anapotoka. Mkaguzi mwenyewe ni simu ya mkononi, hakuna gharama ya kulilia.

Pili, wenye nyumba wengi hawatenganishi uharibifu na uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu. Tundu la ngumi mlangoni ni uharibifu. Na hata uharibifu haulipwi kwa bei ya kitu kipya. Tuseme zulia hutarajiwa kudumu miaka 10, na mpangaji ameliunguza likiwa na miaka 6. Anachodaiwa ni thamani ya ile miaka 4 iliyobaki, yaani sehemu 4 kati ya 10. Ukimdai zulia zima, umejipatia zulia jipya kwa jasho la mwenzio.

Uingereza na Wales, tangu Aprili 2007, amana za upangaji wa kawaida lazima zilindwe kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali. Mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo, la sivyo anaweza kuamriwa amlipe mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya amana. Sikilizeni hili, ndugu mwenye nyumba tatu: anaweza kuipeleka fedha kwa mpango huo, au akabaki nayo na kulipia bima. Wakigombana kuna usuluhishi bila malipo, lakini wa kuthibitisha madai ni mwenye nyumba, kwa sababu fedha ni ya mpangaji mpaka ithibitike vinginevyo.

Mwanzisha mada

Msimamizi ametufungua. Kuhusu kucheleweshwa, naona sehemu isiyobishaniwa itoke mara moja, na inayobishaniwa ndiyo ingoje. Na kama hofu ni amana kuwa ndogo, Ujerumani inaruhusu hadi kodi ya miezi mitatu, ila mpangaji anaweza kuilipa kwa awamu tatu, na lazima itengwe na mali ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anapata kinga nene, na mpangaji habanwi siku ya kwanza.

Mwenye nyumba tatu

Picha na orodha nakubali, naanza na mpangaji ajaye. Fedha kwenda kwa mtu wa tatu bado sijakubali. Nipewe kwanza tarehe ya mwisho ya msuluhishi kutoa uamuzi, iandikwe kwenye sheria yenyewe. Na nielezwe: huyo anayetunza amana za watu wote akifilisika, nani anamlipa mpangaji wangu, na mimi nitadai kwa nani?