Naomba ushauri: mchoro ulioporwa Paris ufikeje Mwanza?

Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya kusisimua na nimekwama sura ya 7.

Mjukuu anarithi nyumba ya babu yake Kirumba. Nyuma ya picha ya harusi ya wazee, fremu imeliwa na mchwa pembeni, anakuta turubai lililokunjwa. Mgongoni lina herufi R na namba. Wanaojua historia washaelewa: Wanazi walipopora michoro ya Wayahudi Paris waliiwekea alama hizo, R ikiwa ni ya familia ya Rothschild. Mpaka hapo kazi yangu naipenda.

Tatizo ni safari. Mwanzo niliandika kwamba uliletwa na wakimbizi kutoka Poland waliopokelewa Tengeru, Arusha, wakati wa vita. Mwalimu mmoja wa historia akanicheka: wale walihamishwa na Wasovieti, wakapitia Siberia na Iran, Paris wangeikutia wapi? Kweli bwana. Nimefuta kurasa 30, roho inauma.

Sasa nataka babu awe baharia wa meli za ziwani, akabidhiwe kifurushi Kisumu miaka ya 1950, kikiwa kimetoka Mombasa kwa treni.

Naomba mnisaidie: Mzungu gani angemwamini baharia kwa kitu kama hicho, mmisionari au mwenye kinu cha pamba? Na nyie mliolelewa na wazee wa melini, mizigo ya mabaharia ilikuwa inapekuliwa ikifika bandari ya Mwanza, au kingepita tu chini ya gunia la dagaa?