Naomba ushauri: Asasi 11, halmashauri moja. Tunadaije asilimia 2 ya watu wenye ulemavu kwa sauti moja?

Mwambakofi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua kuendesha mitandao ya azaki (asasi za kiraia).

Tuko asasi 11 kwenye wilaya moja ya Tanzania Bara. Vinne ni vyama vya watu wenye ulemavu, zilizobaki ni za wanawake, vijana na msaada wa kisheria. Tunachotaka ni kwamba ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) iwafikie walengwa wa mwisho. Fungu la watu wenye ulemavu ndilo linalobaki bila kukopwa. Fomu haina nakala ya nukta nundu, mafunzo ya vikundi hayana mkalimani wa lugha ya alama, na tangazo linabandikwa kwenye ofisi ya kata ambayo mwenye kiti mwendo hawezi kupanda ngazi zake.

Kikaoni wote wanaafiki. Wakitoka, kila asasi inaandika barua yake kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Yenye mfadhili mkubwa inataka nembo yake iwe juu, ndogo zinauliza posho. Mimi ndiye mratibu. Tusajili mtandao kwanza, au vipi?

Karani wa Vikao:
Msisajili sasa. Mkishika usajili mtaanza na katiba, uchaguzi, ada na taarifa za mwaka, na miezi itaishia kwenye nani awe mwenyekiti. Andikeni hati ya makubaliano ya kurasa mbili, muifanyie kazi chini ya mwanachama mmoja aliyekwisha kusajiliwa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya apewe nakala mapema, maana masuala ya usajili wa mashirika yanapitia kwake na hapendi kusikia habari zenu mtaani.

Hati iwe na mambo haya: dai moja lenye kipimo na tarehe, nani anasaini barua za pamoja, uamuzi unapitaje, na tarehe ya hati kwisha. Hilo la mwisho msiliruke. Asasi nyingi zinaogopa kufungwa milele, ukiwaambia ni hadi bajeti ijayo ipite wanasaini.

Dai lenu kwa sasa ni pana mno. "Mikopo iwafikie walengwa" Mkurugenzi atakubali pale pale na hakuna kitakachobadilika. Andika hivi: "Ifikapo Septemba 30, matangazo yote ya mikopo yatolewe pia kwa sauti na kupitia viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu, na kila mafunzo ya vikundi yawe na mkalimani." Hapo mtu anaweza kuulizwa limefanyika au halijafanyika.

Mtunza Daftari:
Naongeza upande wa fedha, ndipo mitandao mingi inapoaibika.

Asilimia 10 haitokani na mapato yote ya halmashauri. Msingi ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, na hesabu inafanywa kwenye mapato ya ndani yasiyolindwa. Uchangiaji wa huduma za afya, kwa mfano, ni mapato lindwa, hauhesabiwi. Chukua halmashauri yenye bilioni 2 za mapato ya ndani, milioni 500 zikiwa zimelindwa. Inabaki bilioni 1.5, asilimia 10 ni milioni 150, na fungu lenu la asilimia 2 ni milioni 30. Mkienda mnadai milioni 40, mweka hazina atawasahihisha mbele ya madiwani na kikao kitakuwa kimekwisha.

Pia msibebe kanuni za mikopo za 2019. Mikopo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejea 2024 kwa kanuni mpya. Ulizeni kama yenu ni kati ya halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki, kwa sababu huko mlango wa kugonga si ule ule.

Kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mezani kwa madiwani bajeti inafika Januari au Februari. Gharama ya mkalimani iwe imeingia kwenye mpango wa kata kabla ya Desemba. Barua ya Machi inasomwa, inapigwa muhuri, inafunguliwa jalada.

Bi Mkunde:
Ndugu Mwambakofi, sijaona hapa nani atasimama kusema. Hao wa vyama vinne ndio waongoze, si wanasheria wala asasi yenye gari. Kuna mfumo wa Marekani wa 2011 wa kuunganisha taasisi, wa John Kania na Mark Kramer, wenye ajenda moja, vipimo vya pamoja na shirika mhimili linaloratibu wote; ulikosolewa kwa jambo hili hili: wakuu wa taasisi walikaa mezani, wenye shida wakabaki kuwa takwimu.

Wekeni sharti kwamba uamuzi haupiti bila vyama visivyopungua vitatu kati ya vile vinne kuukubali, hata kama asasi saba zilizobaki zimeafiki. Ajenda iwafikie wasioona kwa sauti ya WhatsApp siku tatu kabla ya kikao. Mkalimani alipwe kabla ya chai. Mkidai halmashauri iwe na mkalimani huku vikao vyenu havina, afisa yeyote atawauliza.

Halafu tumieni Kamati za Watu wenye Ulemavu zilizowekwa na Sheria Na. 9 ya 2010. Kama yenu imelala, kuiamsha ni kazi ya kwanza.

Mtunza Daftari:
Naunga mkono kuhusu mkalimani. Kwenye posho: lipeni nauli halisi kwa kiwango kimoja kwa wote, orodha isomwe kikaoni. Kinachovunja mtandao ni mmoja kulipwa na mradi wake elfu hamsini, wa jirani yake akatoka na soda. Nembo ziondoeni zote kwenye barua. Weka majina kwa alfabeti, fonti moja. Mfadhili akitaka kuonekana, aonekane kwenye taarifa ya mwanachama wake.

Mwambakofi:
Asanteni sana. Na yule anayeandika barua peke yake baada ya kusaini?

Karani wa Vikao:
Mara nyingi si usaliti. Mradi wake unamdai idadi ya "vikao vya ushawishi" kila robo mwaka, na barua ndiyo ushahidi anaoupeleka kwa mfadhili. Muulize kiashiria chake kinasemaje, kisha mpe kipande cha kazi kinachokijaza. Huyu afuatilie Kamati ya Fedha inayokaa kila mwezi, yule awaandae madiwani kwa maswali ya Baraza la kila robo mwaka. Wote watumie muhtasari mmoja wenye saini kama ushahidi. Akiendelea baada ya hapo, hati iseme wazi kwamba barua yake si ya mtandao, na nakala ya kauli hiyo ipelekwe kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo, bila maneno makali.

Bi Mkunde:
Baraza la madiwani ni mkutano wa wazi. Nendeni wengi, kaeni mbele. Piga simu siku moja kabla uulize kikao kiko ukumbi upi na kama kiti mwendo kinaingia.