Uchaguzi wa 2015 ulikukosanisha na nani? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu. Sitaki mada ya nani alishinda na nani aliibiwa, hiyo tumeijadili mpaka imechakaa. Nataka kusikia 2015 ulikosana na nani na mpaka leo mko vipi. Naanza mimi.

Mimi na braza tulikuwa makamanda wa Chadema kindakindaki, magwanda tulinunua siku moja, 2010 wote tukampigia Dk. Slaa. Na yeye ndo alinifundisha siasa, ile orodha ya mafisadi aliyoisoma Slaa pale Mwembeyanga 2007 alikuwa anaitaja kwa kichwa kama sala, na jina la Lowassa, waziri mkuu wa wakati huo, limo. Sasa Julai 2015 CCM wanamkata Lowassa kwenye mbio za urais kule Dodoma, tarehe 28 mwezi huohuo huyo kapokelewa Chadema, Agosti ndo mgombea wetu wa Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, Septemba inaanza tu Slaa anatangaza kuachana na siasa za vyama. Mimi nikagoma. Nikasema mtu niliyefundishwa miaka 8 kumzomea siwezi kuamka asubuhi nikamshangilia. Braza akasema siasa ni hesabu, kwanza tuitoe CCM mengine baadaye, na akawa haambiliki, kila penye mafuriko ya watu wa Lowassa yupo anazungusha mikono, ile ishara ya mabadiliko. Tukabishana sebuleni kwa mama mpaka akaniita msaliti nimehongwa na Lumumba, ofisi ya CCM, mimi nikamwita nyumbu, mfuata mkumbo. Mbele ya mama. Mama akachukua redio yake akaenda kulala nayo.

Siku ya kura nikachagua mbunge na diwani, karatasi ya rais nikaitumbukiza tupu. Nikafanya kosa nikamwambia. Miaka zaidi ya 3 tunasalimiana kwenye misiba tu. Machi 2019 Lowassa karudi CCM, usiku braza kanitumia meseji neno moja, "Umeona?" Nikajibu "Nimeona". Ndo tukaanza kuongea tena. Na Slaa wangu kipindi hicho yuko Sweden ni balozi kateuliwa na Magufuli, kwahiyo hata mimi sikuwa na mdomo wa kumcheka mtu.

Haya leteni zenu.

#2
Mwenzenu mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, shina letu lote kijani, CCM tupu. Kampeni nzima nimevaa kofia na kanga ya Magufuli, vigelegele nimepiga mpaka koo limekauka, nimefika pale kwenye kupiga kura mkono wenyewe ukaenda kwa Lowassa, sijui hata nisemeje. Sio kwamba Magufuli nilimchukia, kazi ya barabara tuliiona, ila nilikuwa nimechoka kuambiwa. Jioni matokeo yakabandikwa kituoni, mume karudi amefura, eti kura za upinzani zimezidi idadi ya wapinzani anaowajua mtaani, akaanza kuwataja mmoja mmoja nani atakuwa kageuka. Akamwangukia jirani yetu fundi cherehani, akamnunia mwaka mzima na mimi namsaidia kumnunia. Fundi nisamehe.

#3
Nyie wa bara mlinuniana, sie Pemba tulisusiana, ni vitu viwili mbalimbali. Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi Zanzibar, alipoufuta uchaguzi wetu tarehe 28 Oktoba, CUF ya Maalim Seif ikasema marudio ya Machi 20, 2016 hatwendi. Basi siku ile kilichotazamwa ni kidole tu. Mwenye wino kenda. Ami yangu alikwenda, kesho yake kafungua duka hakuingia mtu. Si kwamba walimtukana, la, wanapita wanamtolea salamu vizuri kabisa, na sukari wanaifuata mbali. Mwaka ule ule kafiwa na mkewe, wazikaji wachache mpaka haya. Mie nilikwenda kuzika ila kila hatua nageuka nyuma nani kaniona, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo, si uchaguzi. Disemba 2020 Maalim akaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa pamoja na CCM, wallahi watu wakaanza kumsogelea ami kama hapakuwa na kitu. Duka keshaliuza zamani.

#4
Mimi baba mdogo alinitoa grupu la ukoo kwa kosa la kuandika goli la mkono, ile kauli ya Nape wa CCM kwamba watashinda hata kwa goli la mkono. Alinirudisha siku ya kuchangisha harusi ya mwanae.

#5
Yangu iko kinyume kidogo. Nilikuwa wakala wa Chadema, wakala wa CCM alikuwa mama mmoja wa mtaani kwetu, kampeni nzima tulikuwa hatusalimiani. Mchana chakula chetu kutoka chama hakikufika. Mama kafungua hotpoti lake kaniita, mwanangu sogea ule, utahesabuje kura na njaa. Nikasita, nawaza vijana wangu walioko nje wanabishana na polisi kuhusu zile mita 200 kutoka kituoni za kukaa kulinda kura, wakiniona nakula wali wa CCM je? Nikala. Usiku tukahesabu pamoja kwa tochi, kuna kura moja tiki imekaa juu ya mstari tukabishana mpaka msimamizi akachoka, mwisho wote tukasaini fomu. Siku tume inatangaza Magufuli asilimia 58.46 Lowassa 39.97, na Katiba ibara ya 41 rais akishatangazwa hakuna mahakama ya kuhoji, nikawa na hasira na kila mtu mwenye nguo ya kijani isipokuwa yule mama. Ya nchi nzima sijui, ya kituo chetu najua nilichosaini.

#6
Mleta mada, na braza sasa mko upande mmoja?

#7
Mkuu #6, Februari 2024 Lowassa alipofariki nilienda kwa mama nikamkuta braza anaangalia maziko ya Monduli kwenye tv. Nikakaa. Kimya. Baadaye sana akasema bila kunigeukia, "Ile kura yangu nisingeibadilisha". Nikamwambia hata mimi yangu. Mama akanyoosha mkono akachukua rimoti.