Zimwi la Kassim: kamera inatikisika, mbona haliaminiki?

*Kundi: Ukoo wa Bibi Tatu*

Kassim: Shikamooni wakubwa. Hiyo video hapo juu, sekunde 40, zimwi linatokea nyuma ya minazi. Nimeitikisa kwenye programu ya kuhariria mpaka basi, lakini kila anayeiona anasema zimwi limebandikwa. Kasoro iko wapi?

Mjomba Hamadi: Marahaba. Umeipiga kwenye stendi, sivyo?

Kassim: Ndiyo mjomba

Mjomba Hamadi: Inaonekana. Kamera ikikaa pahala pamoja, mnazi wa mbele na mnazi wa nyuma havipishani. Ukija kutikisa baadaye unasukuma picha bapa, kama kalenda ukutani. Mkono wa mtu unasogea sentimita kadhaa huku na huku, vya karibu vinapita haraka na vya mbali vinabaki. Jicho linalijua hilo hata kama mwenye jicho hawezi kulieleza. Pili, fremu zako, yaani picha moja moja zinazounda video, ni kali kama wembe halafu zinaruka. Picha iliyotikisika kweli huwa na ukungu wa mwendo.

Da Rehema: Mimi naanzia nyuma zaidi. Kamera kashika nani? Zimwi lako halijatoka bado, kamera imeshaligeukia. Alijuaje?

Kassim: 😂😂 hapo nimekamatika

Da Rehema: Mshika kamera huchelewa siku zote. Anasikia mshindo, nusu sekunde hivi imepita, anageuka kasi, anapitiliza, anarudi, fokasi bado inatafuta. Zimwi limeshaingia nyuma ya nyumba, tumepata bega tu. Bega hilo ndilo litakalomnyima mtu usingizi.

Da Rehema: Tazama Cloverfield (2008, Matt Reeves). Kamera anayo Hud, mhusika mmoja, kapewa akusanye salamu za kumuaga rafiki yake kwenye sherehe. Basi jiji linabomoka yeye anapiga porojo, na zimwi tunalipata vipande vipande kati ya maghorofa. Sura nzima inakuja karibu na mwisho, kwenye bustani ya Central Park. Na muziki wa kusindikiza filamu hamna mpaka majina ya mwisho, maana kamera ya sherehe haiji na okestra.

Shangazi Mwajuma: Ndiyo ile ya kizunguzungu? Nilidhani macho yangu ndiyo mabovu

Mjomba Hamadi: Macho mazima, shemeji. Kuna kumbi Marekani zilibandika onyo mlangoni. Jicho linaambiwa unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa kitako, tumbo ndilo linalipa. Sogea mbali na kioo na uache taa ya chumba ikiwaka.

Mjomba Hamadi: Kassim, rudia kupiga hivi. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. 1/50 au 1/100 haitaonyesha kitu, 1/60 itakuletea michirizi inayotembea kwenye picha. Usipande 1/500, ukungu wote unapotea na mtu anaonekana anakimbia kama katuni.

Mjomba Hamadi: Halafu uzito. Simu ina gramu 200 hivi, kwa hiyo inatetemeka harakaharaka. Na kwa kuwa inasoma picha mstari kwa mstari toka juu kwenda chini, mtetemo huo unageuza nguzo kuwa uji. Ifunge kwenye ubao, ongeza nusu kilo mpaka kilo moja, shika kwa mikono miwili. Itayumba taratibu, kama kamera ya mtu mzima.

Kassim: Na ile ya kutuliza picha niiache imewashwa?

Idrissa: Zima!! Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Utulivu wa programu unakata kingo na kukunja picha, kila fremu kivyake. Ukiipeleka Blender, programu ya kuundia picha za 3D, ifuate mwendo wa kamera, hesabu inagoma. Zimwi litateleza chini kama limevaa malapa kwenye sakafu yenye sabuni.

Idrissa: Blender inahitaji alama 8 au zaidi za kufuata, zinazoonekana muda wote, nyingine karibu, nyingine mbali. Usizichukue kwenye majani, yanapepea. Chukua kona ya ukuta, jiwe, mguu wa benchi. Pima umbali mmoja kwa futi kamba, tuseme upana wa mlango, umpe programu ajue mita moja ni ipi. Kosa la hesabu likibaki chini ya pikseli 1 endelea. Likizidi, futa alama zinazoruka uhesabu tena.

Idrissa: Tembea hatua mbili tatu mwanzoni mwa kipande. Ukisimama wima ukageuza kamera tu, kina hakipatikani.

Kassim: Zimwi lenyewe nimelipa mita 27, sawa na mnazi mrefu. Mwendo niliuchukua kwa mtu anayetembea

Idrissa: Ndiyo maana linaonekana kama mwanasesere! Mita 27 ni mara 16 ya mtu. Muda wa hatua unafuata kipeuo cha pili cha urefu, na kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Kila hatua ichukue muda mara 4. Hatua ya nusu sekunde iwe sekunde 2. Mguu unashuka, uzito unafuata, vumbi linapanda baadaye.

Da Rehema: Na sauti ichelewe. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Zimwi likikanyaga umbali wa mita 680, mguu unagusa chini, kimya, sekunde 2, ndipo *gubu*. Likisogea, pengo linapungua. Mtazamaji hatahesabu, lakini mgongo utajua kuwa linakuja.

Da Rehema: Maiki ya simu inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe. Baada ya mshindo kila kitu kinazama, halafu pumzi za mshika kamera zinapanda polepole. Iige hiyo. Ukiweka ngurumo safi ya stereo kama ya ukumbini, umeshajitangaza.

Kassim: Nimeongeza na ile michirizi ya mkanda wa zamani inayopanda na kushuka, iwe kama mkanda uliookotwa

Mjomba Hamadi: Kwenye video ya simu? 🤦🏾‍♂️ Michirizi hiyo ni ya VHS, mikanda ya video ya zamani. Mkanda wa Mini DV ni wa kidijitali, ukiharibika hutoa vibokisi. Simu haina hata kimoja, yake ni kukwama na kuganda. Uchafu wa picha mwachie mwisho: piga safi, weka zimwi, *halafu* tia punje (chengachenga za picha) na mbano (uchafu wa faili lililobanwa) juu ya vyote kwa pamoja. Mandhari yenye punje na zimwi lililotakata, hapo ndipo watu wanaposema limebandikwa.

Idrissa: Na simu ikipondwa katikati ya kurekodi, faili la video (MP4) kwa kawaida halifunguki, maana kichwa chake, yaani orodha ya yaliyomo, kinaandikwa mwishoni. Kwa hiyo huo "mkanda" hakuna wa kuuokota 😄 Sema alikuwa anarusha moja kwa moja, kipande kiliwafikia watu kabla.

Kassim: Aisee. Na lile zimwi nilitengeneze la bei gani? Sina kompyuta ya maana

Da Rehema: Punguza zimwi, ongeza mazingira. Trolljegeren ya Norway (2010, André Øvredal) ilichukua nguzo za umeme mkubwa zilizosimama milimani, ikasema huo ni uzio wa kuzuia mazimwi. Nguzo ni za kweli, hazikugharimu kitu, na ukishaambiwa hivyo huzitazami tena kwa jicho la zamani. Nawe una minazi, una mnara wa simu, una mbwa. Mbwa wote wanyamaze kwa pamoja.

Shangazi Mwajuma: Mh. Zimwi likujualo, lakini hilo la mbwa kunyamaza silitaki nyumbani kwangu

Kassim: Shangazi, huna ubao mzito hapo nifungie simu?

Shangazi Mwajuma: Chukua kibao cha chapati, kiko nyuma ya mlango wa jikoni. Mbuzi yangu ya kukunia nazi usiiguse.