Porsche 911 SC: geji ya joto la oili inagusa nyekundu, nifanyeje wakuu?

Mwana Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nina Porsche 911 SC ya 1979, injini ya 3.0. Geji ya joto la oili inanikosesha usingizi. Gari ikiwa baridi mshale umelala chini. Nikitembea unapanda taratibu kama kawaida, ila nikikaa foleni pale Mianzini, Arusha, au nikipandisha kilima unakwenda hadi nyekundu, na kushuka ni kwa shida. Oili ipo, nimepima injini ikiwa ya moto, imewashwa, sehemu tambarare. Fundi umeme anasema geji imechoka. Je, geji ya gari nyingine inaingia hapo au lazima iwe ya SC? Jumamosi nina safari, naomba majibu ya haraka.

Chuma Chakavu
Angalia maji kwenye rejeta. Na themostati itoe kabisa, sisi huku Tabata tunatembea bila themostati miaka yote na hakuna gari iliyokufa.

Fundi Mpole
Chuma, hiyo gari haina maji. Injini iko nyuma, inapozwa na feni na oili, na oili yenyewe ni zaidi ya lita 10 kwenye tangi lake la pembeni. Usimshauri mtu atoe themostati.

Mleta uzi, geji usinunue bado. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa sensa ya joto la oili: mshale ulale chini. Ugusishe waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja: mshale uruke hadi mwisho. Mshale ukifanya hivyo, waya ni mzima na geji inaitikia. Kisha washa taa kubwa. Mshale ukipanda taa zinapowaka, waya wa kahawia nyuma ya geji haujashika vizuri kwenye bodi. Kwangua kutu, kaza. Sensa nayo usichukue ya gari nyingine. Ukinzani wake unashuka joto likipanda, na kila sensa ina kipimo chake. Inaweza kuingia kwenye nati bila shida halafu ikakudanganya kila siku.

Kabla ya tatizo kuanza, kuna kitu kilifunguliwa?

Mwana Njiro
Hakuna kikubwa mkuu, ni sevisi ya kawaida tu. Geji nimeshailipia, iko njiani inatoka Dubai. Ndiyo maana nauliza kama itaingia.

Mama Kiwanja
Mwanangu, hela ya hilo gari ungepata kiwanja Kigamboni na tofali za kuanzia. Vijana mnapenda mlio. Salamu yako naipokea lakini ukweli ndio huo.

Babu wa Moshono
Mwacheni kijana, kila mtu na anachokipenda. Marehemu baba yangu alitulea kwa hadithi za Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda 1971, ikashinda tena 1973. Porsche 911 haikuwahi kulibeba kombe lile enzi hizo ingawa ililikaribia: dereva Msweden Björn Waldegård alikuwa wa pili 1974, na Vic Preston mdogo akawa wa pili 1978 akiwa na hiyo hiyo SC. Heshima ya 911 ilikuja baadaye kwenye mbio za magari ya zamani, Waldegård alipozishinda 2011 kwa 911. Mzee alikuwa akisema dereva mzuri anasikiliza gari kabla halijalia. Nikiona SC barabarani bado nasimama.

Fundi Mpole
Shikamoo babu, umenikumbusha mbali. Mwana Njiro, narudia swali. Hiyo SC ina rejeta ndogo ya oili mbele, ndani ya madigadi ya kulia. Themostati hufunguka oili ikifika nyuzi 80 na kitu, ndipo oili inaenda mbele kupozwa. Gari ikiwa imeshapata moto, mabomba yanayokwenda mbele yanapata joto? Na rejeta yenyewe ipo?

Mwana Njiro
Sawa, nitasema. Mwezi uliopita jiwe liliipiga njia ya Monduli, ikaanza kuvuja. Fundi akaiondoa, akaunganisha mabomba mawili kwa mpira ili oili irudi moja kwa moja. Lakini wakuu, 911 za kwanza kabisa hazikuwa na rejeta ya mbele, ilikuja na 911S ya 1969. Kwa hiyo gari inaweza kuishi bila hiyo. Jumamosi ni harusi ya mdogo wangu Dar, bwana harusi ataingia nayo. Siwezi kuiacha.

Mchunguzi Huru
Hii ni chai. Kwanza "hakuna kikubwa", sasa jiwe, sasa harusi. Porsche ya 1979 Arusha na hakuna hata picha moja? Mwaka jana kuna mtu alileta uzi wa Benzi ya babu yake, tukahangaika naye wiki nzima, kumbe alikuwa anatunga.

Dada Sakina
Mimi nakaa Sakina, gari nimeiona, ya rangi ya kahawia. Mlio wake unaujua kabla haijafika.

Chuma Chakavu
Kahawia ipi? Aweke picha ya geji basi.

Mwana Njiro
[picha] Hiyo hapo. Sina sababu ya kutunga, ninaogopa kuua injini.

Fundi Mpole
Tuache hayo. 911 za kwanza zilikuwa na injini za lita 2.0. Yako ni 3.0, joto lake ni lingine, na Dar ni zaidi ya kilomita 600. Geji yako huenda inasema kweli. Thibitisha joto.

Dada Sakina
Atumie kile kipimajoto cha wakati wa Korona?

Fundi Mpole
Hapana dada, kile ni cha mwili, kinaishia nyuzi 40 na kidogo. Fungua sensa (weka chombo chini, oili kidogo itatoka), izamishe kwenye maji yanayochemka, waya wake umeunganishwa na mwili wake umefungwa kwenye chuma cha gari. Ila Arusha tuko juu, maji yanachemka kama nyuzi 95. Mshale usifike 100.

Mwana Njiro
Nimefanya yote. Taa hazibadilishi kitu. Kwenye maji mshale umesimama chini kidogo ya mia. Geji ni nzima. Harusini nitafikiria kwenda usiku, kuna baridi.

Fundi Mpole
Pale Same njiani usiku si baridi, na malori yanayopandisha vilima nayo huwezi kuyapita kila mara. Rejeta ya zamani unayo bado? Ni bomba la kuzunguka au ina mapezi?

Mwana Njiro
Bomba la kuzunguka. Ipo stoo, imepasuka sehemu moja.

Fundi Mpole
Ipeleke Unga Limited kesho asubuhi, kwa wachomeleaji wa rejeta. Waisafishe ndani kwanza, waijaribu kwa upepo ikiwa ndani ya maji, na uchafu wa kuchomelea usibaki humo, maana utaishia kwenye beringi za injini. Ikirudi, jaza oili, tembea hadi Usa River na kurudi, halafu uniambie mshale umesimama wapi.