Vyuo vya Dar viendelee kufundishia XAMPP, au muda wake umekwisha?

Mleta mada

Wakuu, naweka hoja mezani, ipigwe mawe. Hapa Dar mwanafunzi wa kozi fupi ya tovuti mara nyingi huanzia palepale: Windows, XAMPP (kifurushi kinachoweka seva ya tovuti ya Apache, kanzidata ya MySQL na lugha ya PHP kwa mpigo), folda ya htdocs inakokaa mafaili ya tovuti, na phpMyAdmin ya kusimamia kanzidata. Akimaliza anapeleka kazi kwenye seva ya kukodi yenye Linux, na kazi inakufa siku ya kwanza. Nasema XAMPP itoke darasani. Mwanafunzi aanze na Linux: iwe imesakinishwa kamili, iwe ndani ya Windows kwa WSL, au iwe kwenye kontena za Docker, yaani visanduku vinavyobeba programu na mahitaji yake yote.

Kwanza, herufi. Windows haioni tofauti ya Picha.jpg na picha.jpg, Linux inaiona. Ukurasa unaoita Config.php wakati faili ni config.php utafunguka vizuri ndani ya htdocs, ukifika kwenye seva unatoa kosa. Majedwali ya MySQL ni hivyohivyo: kwenye Windows mpangilio wa lower_case_table_names ni 1, kwenye Linux ni 0. Swali la "SELECT * FROM Wateja" linapita nyumbani na kukwama ugenini.

Pili, umri. XAMPP 8.2.12 ilitoka Novemba 2023. Ndani yake kuna MariaDB 10.4, ndugu wa MySQL ambaye XAMPP inamwita MySQL, ambayo muda wake wa kuhudumiwa uliisha Juni 2024. Ukichukua kanzidata iliyotolewa kwenye MySQL 8 ukaiingiza humo, inagoma kwa kosa la utf8mb4_0900_ai_ci, mpangilio wa herufi ambao MariaDB hiyo haiujui.

Tatu, saa. XAMPP inakuja na date.timezone=Europe/Berlin. Kule wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sisi tunawatangulia saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Risiti ya duka iliyotoka saa sita na nusu usiku inaandikwa tarehe ya jana. Hesabu za siku hazifungi, na mwenye duka anamshuku mwuzaji.

Mwalimu wa Maabara

Mkuu, uliyosema kuhusu herufi na saa ni kweli, ila hayatibiwi kwa kung'oa XAMPP. Saa ni mstari mmoja: fungua php.ini, faili la mipangilio ya PHP, weka date.timezone=Africa/Dar_es_Salaam, zima Apache uiwashe tena. Tafuta mpaka mwisho wa faili, maana mstari wa juu unaweza kuwa umefungwa kwa nukta mkato na wenye nguvu ukawa chini. Herufi ni nidhamu: majina yote ya faili na majedwali yawe herufi ndogo, basi.

Sasa piga hesabu ya maabara yenye mashine 40 za RAM ya GB 4. Windows yenyewe inakula karibu nusu. Docker Desktop nayo inataka RAM nyingi, na hapo hujafungua kivinjari wala VS Code ya kuandikia msimbo. Taswira (kifurushi cha kuanzishia kontena) ya kawaida ya Node, ile ya kuendesha JavaScript, ikishafunguka inafika takriban GB 1. Mashine 40 zikivuta kwa pamoja kwa intaneti ya chuo, kipindi cha saa mbili kimekwisha hakuna aliyeandika hata mstari. Na kabla ya hapo lazima uingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) ya kila mashine kuwasha uwezo wa kuendesha mashine ndani ya mashine. Nywila ya BIOS anayo nani? Aliyenunua mashine, na alishahama idara.

Kisakinishi cha XAMPP ni kama MB 150. Kinakaa kwenye flashi na hakihitaji bando.

Fundi wa Seva

Mwalimu, hoja ya bando ina jibu, na wengi hawalitumii. Hakuna haja ya mashine 40 kuvuta. Unaandaa moja tu:

Endesha wsl --install, ambayo inaleta Ubuntu. Ndani ya Ubuntu sakinisha apache2, mysql-server, php, php-mysql, php-mbstring, php-xml, php-zip, php-intl. Ubuntu 24.04 inakupa PHP 8.3 na inahudumiwa hadi 2029. Ukimaliza, toka, kisha wsl --export Ubuntu darasa.tar. Hilo ni faili moja, linapita kwenye flashi au kwenye mtandao wa ndani wa maabara. Mashine nyingine zote, ambazo nazo lazima ziwe zimewashiwa WSL, zinapokea kwa wsl --import Darasa C:\wsl\darasa darasa.tar.

Panapoharibika ni hapa. Ukishaingiza namna hiyo, mwanafunzi anaingia kama root, mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote, badala ya jina lake. Tengeneza /etc/wsl.conf, andika [user], na chini yake default=mwanafunzi, kisha wsl --shutdown. RAM nayo: WSL 2 usipoifunga inaweza kujichukulia hadi nusu ya kumbukumbu ya mashine. Kwenye folda ya mtumiaji wa Windows weka faili .wslconfig lenye [wsl2] na memory=1GB. Kwa PHP na MySQL za kujifunzia inatosha. Node yenye kazi nzito itakohoa.

Kosa la tatu ndilo linalofanya watu waseme WSL ni nzito. Wanaacha mradi kwenye /mnt/c, yaani diski ya Windows, halafu wanaendesha composer au npm, zana za kuvuta maktaba za PHP na JavaScript, kutoka Linux. Kila faili dogo linavuka mpaka kati ya mifumo miwili, na folda ya node_modules ina maelfu ya mafaili. Mradi ukae ~/mradi, ndani ya Linux yenyewe. VS Code inaufungua kutoka huko bila shida kwa kuandika "code ." kwenye terminali.

Docker kwa anayeanza, hapo nakubaliana na wewe. Mtu hajajua poti ni nini, unampa mtandao wa kontena tatu. Ila timu ya kazini yenye watu wanne ni suala lingine: mmoja ana PHP 8.1, mwingine 8.3, kila Jumatatu ugomvi. Hapo docker compose inaokoa ndoa. Taswira mnagawana kwa docker save -o na docker load -i, bando linaliwa mara moja. Na wekeni .gitattributes yenye "* text=auto eol=lf", ili kila mstari uishe kwa mtindo wa Linux, la sivyo hati ya kuanzishia iliyoandikwa Windows itakataa kukimbia ndani ya kontena ikidai faili halipo, na faili mnaliona kwa macho.

Mzee wa Kanzidata

Mnagombana kuhusu Apache, kitu ambacho hakipotezi kazi ya mtu. Kinachopoteza kazi ni umeme kukatika MySQL ikiwa inaandika. Kompyuta mpakato yenye betri iliyochoka ni sawa na kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Umeme ukirudi, XAMPP inaandika "MySQL shutdown unexpectedly". Kijana anatafuta mtandaoni, anaambiwa futa ibdata1. Anafuta. MySQL inawaka, anashangilia, akifungua jedwali anaambiwa halipo kwenye injini, yaani InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data. Majina ya majedwali yapo, data haisomeki tena, kwa sababu ibdata1 ndilo faili ambamo InnoDB inatunza orodha yake kuu.

Mara nyingi InnoDB haikuwa mgonjwa hata kidogo. Ina daftari lake la ib_logfile na ikiwaka inajirekebisha kutokana nalo. Kilichoharibika huwa ni majedwali ya mfumo, yale ya ruhusa za watumiaji, ambayo kwenye MariaDB hukaa kwenye injini ya Aria. Fanya hivi. Ipe folda C:\xampp\mysql\data jina jipya, data_zamani. Nakili folda ya backup iliyo pembeni yake, nakala uiite data. Kisha kutoka data_zamani leta folda za kanzidata zako tu, pamoja na ibdata1 na ib_logfile0 na ib_logfile1. Folda za mysql, performance_schema na phpmyadmin usizilete. Washa.

Halafu fundisheni nakala rudufu kuanzia wiki ya kwanza, na mfundishe sawasawa. Kwenye PowerShell ya Windows, mysqldump -u root duka > duka.sql inaandika faili la UTF-16, na siku ya kulirudisha linakataa. Tumia mysqldump -u root --result-file=duka.sql duka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa si nakala.

Kuhamia Linux hakuondoi hili. Ubuntu nayo ikizimika ghafla, MySQL yake inaumia vilevile.

Binti Kijitonyama

Samahani wakubwa, kwa nini tusizungumzie mazingira ya mtandaoni? GitHub Codespaces inampa mwenye akaunti ya bure saa 120 za kiini kwa mwezi. Kwenye mashine ya viini viwili ni saa 60. Ni Linux halisi, inafunguka kwenye kivinjari, mashine ya GB 4 inatosha. Umeme ukikatika, kazi iko salama kule. BIOS haihusiki.

Mwalimu wa Maabara

Dada, saa 60 zinatosha kozi, sikatai. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikayumba nchi nzima. Darasa linalotegemea kivinjari siku hiyo linaenda nyumbani. Lenye XAMPP linaendelea.

Fundi wa Seva

Naongeza jambo dogo kwa Binti. Kwa kujifunza, ruksa. Kwa kazi ya mteja, usipakie kanzidata yenye majina na namba za simu za watu halisi kwenye mashine iliyo nje ya nchi ili tu ujaribu ukurasa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kusafirisha taarifa nje kumewekewa masharti. Tengeneza wateja wa kubuni. Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, ina factory kwa kazi hiyohiyo.

Faida moja ya mtandaoni ambayo hukuitaja: majibu ya malipo ya simu. Mtandao wa malipo unatuma jibu kwenye anwani ya https inayofikika kutoka nje; localhost, yaani mashine yako yenyewe, haifikiki. Codespaces inaweza kukupa anwani, ila poti uiweke ya wazi kwa wote, la sivyo jibu linagonga ukurasa wa kuingia. Kwenye mashine yako mwenyewe unafungua njia ya muda kwa programu ya cloudflared. Anwani hiyo ya muda hubadilika kila ukiwasha upya, na hapo ndipo mtu anakesha akitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa.

Wakala wa Linux

Mnazunguka mbuyu. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu. Mashine nyingi za mtumba za Kariakoo ni kizazi cha nne hadi cha sita. Hizo huwezi kuzipandisha kwa njia rasmi, na kuziacha na Windows isiyohudumiwa ni kukaribisha virusi vya flashi. Ng'oa Windows, weka Xubuntu, aina nyepesi ya Ubuntu. RAM yote inabaki kwa kazi, wala huhitaji WSL.

Mtego wa siku ya kwanza: MySQL ya Ubuntu haiiruhusu root kuingia kwa nywila kutoka kwenye PHP. Mwanafunzi anapata "Access denied" na kurudi Windows akilia. Ingia kwa sudo mysql, tengeneza mtumiaji mpya, mpe kanzidata moja tu. Amejifunza na ruhusa papo hapo.

Mwalimu wa Maabara

Na somo la pili la siku, lile la ofisi kwa Word na Excel, analifundisha nani kwenye Xubuntu? Maabara si ya somo moja, ndugu.

Fundi wa Seva

Basi mwalimu, acha mashine 40 kama zilivyo. Chukua ya 41, ile mbovu iliyo stoo, hata yenye GB 2. Weka Ubuntu Server, ichomeke kwenye swichi ya maabara. Hiyo ndiyo seva ya darasa. Mwanafunzi aandike kwenye chochote anachotaka, XAMPP ikiwemo, ila alama anapata kwa kile kinachofunguka kwenye seva ile. Herufi kubwa zitamkamata hapohapo, bila bando na bila mteja kusubiri.

Kila mmoja apewe akaunti kwa sudo adduser, na folda ya public_html. Washa kwa sudo a2enmod userdir. Itagoma mara mbili. Mara ya kwanza ni kosa la 403, la kukosa ruhusa, kwa sababu Ubuntu tangu 21.04 inafunga folda za nyumbani kwa ruhusa 750. Fanya chmod 711 kwa kila folda ya nyumbani. Mara ya pili, kurasa za PHP hazitaendeshwa, kwa sababu Ubuntu imezima PHP ndani ya public_html makusudi, fungua /etc/apache2/mods-available/php8.3.conf, mistari ya mwisho yenye php_admin_flag engine Off izime kwa alama ya reli (#), kisha sudo systemctl restart apache2.

Mwalimu wa Maabara

Hiyo naichukua. Lakini nywila ya seva itakaa kwangu, si kwa aliyenunua.

Mleta mada

Hoja yangu bado naishikilia, XAMPP itoke. Ila kama mtihani utafanyika kwenye mashine ya 41, sitapiga kelele mtu akianzia htdocs. Mzee wa Kanzidata, hiyo ya PowerShell naomba uibandike ukutani.

Mzee wa Kanzidata

Bandika wewe. Na UPS ya hiyo ya 41 iko kwenye bajeti ya nani?